Marekani: Huko Maine, wahamiaji wamejijengea mashirika yanayojua lugha, pesa na desturi za familia

Familia ya Wakongomani ikifika Portland, mji mkubwa wa jimbo la Maine kaskazini-mashariki mwa Marekani, haikosi karatasi za kujaza. Kuna karatasi za shule, za hospitali, za nyumba na za mahakama ya uhamiaji. Inachokosa mara nyingi ni mtu wa kuieleza kila karatasi inatafuta nini, na jibu fulani litaleta matokeo gani.

Pengo hilo ndilo linalozibwa na mashirika madogo yasiyo ya kiserikali yaliyoanzishwa na wahamiaji wenyewe: Wakongomani, Warundi, Wasomali na wengine. Hawa walipitia njia ile ile kabla ya wale wanaowasaidia leo. Tangu mwanzo wa mwaka 2025, serikali ya Washington iliposimamisha mpango wa kupokea wakimbizi na kukata sehemu kubwa ya pesa zake, mzigo wa mashirika hayo umeongezeka.

Kwa wasomaji wa Kivu, Ituri, Maniema na Tanganyika, habari hii si ya mbali. Kuanzia Oktoba 2023 hadi Septemba 2024, Marekani ilipokea wakimbizi zaidi ya 100 000 kutoka dunia nzima. Karibu 20 000 kati yao walitoka RDC, inchi iliyoongoza orodha. Wengi walikuwa wameishi miaka mingi katika kambi za Nyarugusu huko Tanzania, Nakivale na Kyangwali huko Uganda, au Kakuma huko Kenya. Ni nadra kukuta kartie ya Uvira au Bukavu isiyo na familia yenye ndugu « huko juu ».

Mkimbizi na muomba hifadhi, njia mbili tofauti

Nyumbani watu husema tu « alienda Amerika », lakini sheria ya huko inagawa wanaofika katika makundi mawili, na maisha yao ya kwanza hayafanani.

Aliyechaguliwa kambini kupitia HCR hufika akiwa na hadhi ya ukimbizi. Shirika la mapokezi humtafutia nyumba na kumsindikiza katika siku 90 za kwanza. Anaruhusiwa kufanya kazi tangu anapofika, na baada ya miezi sita anaanza kurudisha, bila riba, mkopo wa tiketi ya ndege aliotia saini kabla ya kupanda.

Muomba hifadhi hana mapokezi hayo. Anafika mwenyewe, kisha anaomba ulinzi akiwa tayari ndani ya inchi. Anapaswa kuweka ombi lake katika mwaka mmoja tangu alipoingia. Kwa kanuni iliyotumika miaka mingi, hawezi kuomba kibali cha kazi kabla ya siku 150 kupita tangu aweke ombi hilo, wala kukipata kabla ya siku 180. Kwa miezi sita hivi, baba au mama mwenye nguvu na ujuzi anakaa bila ruhusa ya kupata mshahara, huku kodi ya nyumba ikihesabiwa kila mwezi.

Portland iliona hali hiyo kwa macho mwezi Juni 2019. Mamia ya watu, wengi wao kutoka RDC na Angola, walifika kwa basi kutoka Texas. Walikuwa wamevuka bahari hadi Amerika ya Kusini, wakatembea katika msitu wa Darién kati ya Colombia na Panama, kisha wakapanda hadi mpaka wa Mexico. Mji, wenye wakaaji karibu 68 000, uligeuza jumba lake la michezo, Expo, kuwa makazi ya dharura. Vitanda vilipangwa penye uwanja wa mpira wa kikapu hadi katikati ya Agosti, familia zilipopata nyumba. Mwaka 2023 jumba hilo lilifunguliwa tena kwa kazi ile ile.

Katika wiki hizo za 2019, mji ulihitaji haraka watu wanaosema Lingala, Kireno na Kifaransa. Wengi walipatikana kati ya wahamiaji waliotangulia, na tangu siku hizo jukumu la mashirika yao lilionekana wazi kwa viongozi wa mji.

Kutafsiri maneno hakutoshi

Sheria ya Marekani inazungumzia lugha tangu zamani. Sheria ya haki za raia ya mwaka 1964 inakataza ubaguzi wa asili ya mtu katika huduma yoyote inayopokea pesa za serikali kuu, na mahakama zilieleza kwamba kumnyima mtu huduma kwa sababu ya lugha yake kunaweza kuwa ubaguzi huo. Mwaka 2000, wizara ya afya ilitangaza miongozo inayoomba hospitali ziheshimu lugha na desturi za mgonjwa. Kanuni za afya zinakataza pia kumtumia mtoto kama mkalimani, isipokuwa wakati wa dharura.

Sababu ya katazo hilo inaeleweka na mzazi yeyote. Mtoto hujifunza Kiingereza haraka shuleni, na baada ya miezi michache anakuwa mdomo wa nyumba nzima. Ni yeye anayesoma barua ya mwenye nyumba na anayepokea simu ya hospitali. Mama anayetaka kumweleza daktari kwamba alibakwa wakati wa vita hawezi kuyapitisha maneno hayo kwenye mdomo wa mtoto wake wa kiume wa miaka 12. Atasema kichwa kinauma, na atarudi nyumbani na vidonge vya kichwa.

Lakini hata mkalimani mtu mzima anaweza kutafsiri kila neno na maana ikapotea. Daktari akiuliza kuhusu ugonjwa wa huzuni, mgonjwa kutoka Kivu anaweza kujibu « hapana », kwa kuwa kwake ugonjwa wa akili ni ule wa mtu anayetembea uchi barabarani. Mtu huyo huyo akiulizwa kama ana mawazo mengi, kama moyo ni mzito, kama usingizi umekimbia, atajibu kwa nusu saa.

Mfano mwingine ni hesabu ya familia. Mama anasema ana watoto saba. Aliozaa ni wanne. Watatu ni wa dada yake aliyefariki, na amewalea tangu wakiwa wachanga. Kwetu amesema ukweli mtupu. Karatasi ya uhamiaji inatafuta uzazi au hati ya mahakama, na afisa anayelinganisha majibu ya leo na ya miaka mitano iliyopita anaweza kuona uongo. Mfanyakazi wa shirika anayejua kwamba mtoto wa dada ni mtoto, na kwamba mama mdogo ni mama, hulieleza jambo hilo pande zote mbili kabla halijawa kosa katika faili.

Malezi ndiyo sehemu yenye hatari kubwa zaidi. Huko Maine, mwalimu au daktari anayeshuku kwamba mtoto anateswa analazimika na sheria kutoa taarifa. Mzazi aliyekulia mahali ambapo fimbo ni sehemu ya malezi anaweza kujikuta anahojiwa na idara ya watoto bila kuelewa kosa lake. Naye mtoto akisikia kwamba anaweza kupiga simu polisi, heshima ya nyumba inayumba. Mgeni akiwafokea wazazi hao kwamba wao ni wabaya, wataficha. Mtu wa kwao, anayeanza kwa kukubali kwamba wanataka watoto wenye adabu kisha akawaonyesha sheria inasema nini na njia gani nyingine zipo, ana nafasi ya kusikilizwa.

Masomo ambamo mtoto ana mahali pa kukaa

Kati ya mashirika ya Portland yaliyojengwa juu ya maarifa hayo kuna In Her Presence, lililoanzishwa mwaka 2015 na wanawake wahamiaji. Kati ya waanzilishi wake ni Claudette Ndayininahaze, mzaliwa wa Burundi, na Micky Bondo, mzaliwa wa RDC.

Shida waliyoishughulikia ni rahisi kuieleza. Masomo ya Kiingereza yalikuwepo tayari, lakini mama mwenye mtoto wa mwaka mmoja hakuweza kuyafuata. Huko hakuna bibi nyumba ya pili wala jirani wa kuachiwa mtoto asubuhi, na malipo ya anayetunza watoto yanaweza kumeza mshahara mzima. Baba alienda darasani, akapata lugha, kisha kazi, kisha leseni ya kuendesha gari. Mama alibaki ndani, na kila mwaka alizidi kumtegemea mume na watoto kwa kila neno.

In Her Presence liliweka masomo na malezi ya watoto pamoja: mama anasoma, mtoto anatunzwa hapo hapo. Darasa hilo pia ni mahali ambapo wanawake huzungumza juu ya afya, malezi, kazi na uongozi, mbele ya wanawake wenzao ambao nao walianza bila neno la Kiingereza. Wengi wao hawakufika mikono mitupu. Walikuwa walimu, wauguzi, wafanyabiashara. Diploma zao ndizo hazisomeki huko.

Pesa, madeni na mkopo

Mwaka 2008, Claude Rwaganje, mzaliwa wa RDC anayeishi Maine, alianzisha shirika la kufundisha wahamiaji mambo ya pesa. Liliitwa Community Financial Literacy, na baadaye likaitwa ProsperityME. Linafundisha kupanga bajeti, kuweka akiba, kujenga historia ya mkopo, kununua nyumba na kuanzisha biashara. Linasaidia pia wanafunzi wahamiaji kutafuta njia ya kulipia masomo ya juu.

Kwa mtu wa Goma au Bukavu, somo la mkopo wa Kimarekani linaweza kuonekana la ajabu. Kwetu, mtu wa busara hujiepusha na madeni, hasa yale ya « Banque Lambert » yanayozaa riba ya kutisha kila mwezi. Huko Marekani, asiyewahi kukopa hana historia, na asiye na historia anaonekana mtu wa mashaka. Tabia ya kulipa madeni hupewa alama, kwa kawaida kati ya 300 na 850. Mwenye nyumba huiangalia kabla ya kutoa ufunguo. Benki huiangalia kabla ya kukopesha pesa za gari, na katika jimbo lenye miji iliyotawanyika na theluji ya miezi, bila gari kazi nyingi hazifikiki.

Hatari nyingine iko upande wa pili. Kadi ya mkopo huja kwa posta, na mgeni anaweza kuiona kama zawadi. Akiitumia hadi mwisho na kulipa kidogo kidogo, riba inapanda na alama inashuka. Mwalimu anayejua likelemba na AVEC anaweza kuanzia hapo: kwamba mtu anayetoa mchango wake kila wiki bila kuchelewa ana tabia ile ile ambayo benki inaitafuta, ila benki haikumuona akifanya hivyo.

Kuna pia mstari ambao haupo katika bajeti za vitabu vya Kimarekani: pesa zinazotumwa nyumbani. Minerval ya mdogo wake iko Uvira, hospitali ya mzazi iko Baraka, kilio kiko Kamituga. Mshauri wa kigeni anaweza kusema « acha kutuma ». Mtu akisikia hivyo, ataendelea kutuma kwa siri na kukopa ili kufunika. Bajeti inayouweka mstari huo wazi, kwa kiasi kinachojulikana, ndiyo inayoweza kufuatwa.

Shamba la Lewiston

Kilomita zisizofika 60 kaskazini mwa Portland uko mji wa Lewiston, ambako Wasomali walianza kufika kwa wingi tangu mwaka 2001. Kati yao wamo Wabantu wa Somalia, watu ambao mababu zao walichukuliwa watumwa katika karne ya 19 kutoka maeneo ambayo leo ni Tanzania, Msumbiji na Malawi. Baadhi yao bado wanasema Kizigua, lugha ya Handeni. Nchini Somalia walikuwa wakulima kando ya mto Jubba, hadi vita vya 1991 vilipowakimbiza kwenda Kenya.

Shirika lao, Somali Bantu Community Association, lilianzishwa mwaka 2005. Kazi yake inayojulikana zaidi ni Liberation Farms, mpango wa kilimo ambamo familia hulima pamoja, zikigawana kazi na mavuno. Wanalima mahindi magumu ya asili kwa ajili ya unga, na wanafuga mbuzi wa kuchinjwa kwa desturi ya Kiislamu. Unga huo unapikwa ugali, ambao kwao unaitwa soor.

Kwa miaka walilima mashamba ya kukodi, ambayo yanaweza kuondolewa wakati wowote. Njia ya kawaida ya mkulima wa Marekani ni kukopa benki na kununua. Kwa Waislamu hawa riba ni haramu, hivyo njia hiyo ilifungwa. Tangu mwaka 2020, ufumbuzi ulipatikana kwa ushirikiano na shirika la ardhi la Agrarian Trust: ardhi ya zaidi ya ekari 100 katika kijiji cha Wales, karibu na Lewiston, ikawekwa katika umiliki wa pamoja, na jamii ikapewa mkataba wa kuitumia kwa miaka 99. Hapakuwa na riba, na wakulima hawakulazimika kuchagua kati ya shamba na dini yao.

Mashirika haya yanabanwa wapi

Udhaifu wa kwanza ni pesa. Yanaishi kwa misaada ya wafadhili, ya mji na ya jimbo, na mara nyingi mradi mmoja ukiisha mfanyakazi anaondoka. Tarehe 20 Januari 2025, rais Donald Trump alitia saini amri ya kusimamisha mpango wa wakimbizi. Siku chache baadaye, mashirika ya mapokezi yaliagizwa kusimamisha kazi zilizolipwa na serikali kuu. Kwa mwaka ulioanza Oktoba 2025, idadi ya juu ya wakimbizi iliwekwa kuwa 7 500, na nafasi nyingi zilitengwa kwa Wazungu wa Afrika ya Kusini. Kwa familia za Wakongomani zilizokuwa zimemaliza mahojiano na vipimo kambini, safari ilikwama.

Wale walio tayari ndani nao waliguswa. Mwezi Machi 2025, amri ya rais iliyokifanya Kiingereza kuwa lugha rasmi ilifuta amri ya mwaka 2000 iliyozitaka ofisi za serikali kuu zihudumie wasiojua Kiingereza vizuri. Sheria ya 1964 haikuguswa, kwa kuwa ni ya bunge. Sheria ya bajeti ya tarehe 4 Julai 2025 iliweka malipo ya dola 100 kwa ombi la hifadhi, ambalo hapo awali lilikuwa bure, na dola 550 kwa kibali cha kwanza cha kazi. Mtu asiyeruhusiwa kufanya kazi anadaiwa pesa ili aruhusiwe kufanya kazi. Ombi la kwanza linalofika kwenye mlango wa shirika sasa linaweza kuwa hilo.

Udhaifu wa pili hauhusu Washington. Jamii ndogo ina masikio mengi. Mama anayepigwa na mume anaweza kuogopa kueleza mbele ya mkalimani anayesali naye kanisa moja, kwa hofu kwamba Jumapili kila mtu atajua. Mtu aliyekimbia mapigano ya Fizi, Uvira au Minembwe anaweza kukataa kabisa kuongea mbele ya mtu wa kabila analoliona kuwa la adui. Kusema lugha moja si kuaminiana. Ndiyo maana mkalimani wa kazi hufundishwa kutunza siri na kukaa nje ya ugomvi, na ndiyo maana mteja anapaswa kuwa na haki ya kuomba mkalimani mwingine, hata wa simu kutoka jimbo lingine, bila kuulizwa sababu.

Udhaifu wa tatu ni uchovu. Mfanyakazi wa shirika la namna hii hana saa ya kufunga. Namba yake inazunguka WhatsApp, anaitwa usiku kwa mama anayejifungua, asubuhi kwa mahakama, na yeye mwenyewe ana familia inayosubiri pesa nyumbani.

Na huku kwetu?

RDC nayo ni inchi inayopokea. Warundi wanaishi Lusenda na Mulongwe, katika eneo la Fizi, wengi tangu mgogoro wa Burundi wa mwaka 2015. Ndani ya inchi, vita vimewahamisha mamilioni ya raia, na familia za Kivu zimewapokea wageni katika vyumba vyao vidogo kabla ya shirika lolote kufika. Mwaka 2025, baada ya Goma na Bukavu kuanguka mikononi mwa M23, makumi ya maelfu ya Wakongomani walivuka kwenda Burundi.

Kila mahali hapo kuna orodha za kujaza na maswali ya kuulizwa. Mtu anayehoji familia iliyohamishwa kutoka Masisi au Walikale anaweza kuwa ametoka Kinshasa au Ulaya, na orodha yake ikawa na nafasi ya « baba, mama, watoto » pekee. Uzoefu wa Maine unaonyesha mambo ya kuangalia kabla ya kupanga msaada: nani atamtunza mtoto wakati mama anasikiliza, chakula gani kinaliwa na watu hao, nani anahesabiwa kuwa wa nyumba, na kama mkalimani anaaminika na yule anayetafsiriwa.

Wahamiaji wa Portland na Lewiston walijua majibu hayo kwa sababu waliwahi kukosa mtu wa kuwauliza. Katika kambi na familia zinazopokea wageni za mashariki mwa Congo, watu wenye majibu hayo wapo tayari: mama anayeongoza AVEC, mwalimu aliyehamishwa na wanafunzi wake, muuguzi aliyekimbia na sanduku lake la dawa. Kuwaweka katika meza ambako mipango inaandikwa, tena kwa mshahara na si kwa asante tu, hakuhitaji kungoja uamuzi wa Washington.